Nguo Kabla ya Mkasi: Kuisoma Historia ya Kanda ya Ziwa kwenye Vazi

Ukipita Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, utaona nguo zimepangwa kwa namna mbili. Kanga hukunjwa juu ya meza au hutandazwa kwenye kamba, pindo likionekana. Magauni na mashati huning'inizwa kwenye henga. Kanga haihitaji henga kwa sababu haina mabega. Haina kola, haina kiuno, haina mkono wa kushoto. Ni pembe nne, na umbo lake hulipata pale inapofungwa mwilini. Gauni limekuja na umbo lake: fundi alishaamua kifua kitakuwa inchi ngapi kabla mvaaji hajatokea.

Kwa maoni yangu, historia ya mavazi ya mwambao huu wa Ziwa Viktoria husomeka vizuri zaidi kwa kufuata tofauti hiyo, kati ya nguo ya kufunga na nguo ya kukata. Mara nyingi husimuliwa kwa kuhesabu vitambaa: kwanza ngozi, kisha magome, kisha pamba, kisha mitumba. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haisemi kilichobadilika baina ya watu. Mkasi unasema zaidi. Nguo isiyokatwa huazimwa, hurithiwa, hulipa deni, hubeba mtoto na huzika maiti. Nguo iliyokatwa ni ya mwili mmoja.

Magome yanastahili kupewa nafasi, maana wengi huyataja kwa haraka kama vazi la watu waliokosa pamba. Nguo ya mbugu, iliyovaliwa na Waganda na Wahaya kaskazini na magharibi mwa ziwa, ni kazi ya ufundi mkubwa. Mti wake ni wa jamii ya mtini, kwa Kiganda mutuba. Gome huvunwa wakati wa mvua, mti ukiwa na maji mengi na ngozi yake ikikubali kuachia. Fundi hukwangua kwanza gamba kavu la nje. Hukata mviringo mmoja juu ya shina na mwingine chini, kisha huchana mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Hapo huweka kisu pembeni na kutumia kipande cha mgomba kilichochongwa, akikipenyeza taratibu kati ya gome na mti hadi gome litoke zima. Kisu cha chuma kikizama sana hujeruhi utando ambao gome jipya huotea, na mti huo hautavunwa tena sehemu ile. Shina lililobaki wazi hufungwa majani ya migomba ili lisikauke. Mti ukitunzwa hivyo huota gome jipya, na huweza kuvunwa mwaka baada ya mwaka kwa miongo kadhaa. Gome la kwanza huwa gumu. Yanayofuata huwa laini zaidi.

Kinachofuata ni moto na nyundo. Gome hulainishwa kwa joto, kisha hulazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji: kwanza ya mifereji mipana, halafu ya wastani, mwisho ya mifereji myembamba. Kazi hii hufanyika chini ya kibanda, kwa sababu jua likilipiga gome kabla halijatanuka hulikausha na kulipasua. Likishapigwa hutanuka mara kadhaa ya upana wake wa mwanzo. Ndipo hutolewa juani, na rangi hugeuka kutoka kahawia hafifu kuwa nyekundu ya udongo. Tundu likitokea hushonwa kiraka. Ubaya wa mbugu ni maji: haifuliwi ikasuguliwa kama pamba, na ikilowa hulegea.

Sasa tazama ilivyovaliwa. Wanaume kwa wanawake waliifunga begani ikashuka mwilini, wanawake wakaongeza mshipi kiunoni. Nguo ya watu wa kawaida ilikuwa ya rangi ya udongo. Ya wafalme na machifu ilitiwa rangi nyeupe au nyeusi, na namna ya kuivaa ilikuwa nyingine. Kumbe cheo kilionekana bila mkasi wowote: rangi ilikitaja, na fundo likakitaja. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu wa Uganda kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu, na hadi leo mbugu huonekana kwenye kutawazwa, kwenye tiba za jadi na kwenye mazishi.

Upande wa Usukumani, kwenye mifugo mingi na migomba michache, ngozi ilikuwa na nafasi kubwa. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe huwambwa kwa vigingi, hukwanguliwa nyama na mafuta, kisha husuguliwa kwa samli na kukandwa kwa mikono mpaka ikubali kukunjika. Anayeharakisha akaiacha juani siku nzima hupata ubao, na ubao haufungiki begani. Namna ile ya kufunga begani ndiyo iliyobaki wakati kitambaa kilipobadilika. Mchungaji anayepita leo na shuka lubega, fundo juu ya bega moja na mkono mmoja huru wa kushika fimbo, amefunga pamba kwa fundo la ngozi.

Pamba ya dukani ilifika ziwani mabegani mwa watu. Wanyamwezi na Wasukuma walipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa. Mzigo wa nguo wa mpagazi, uliokazwa na kuviringishwa kama mto mrefu ili ukae begani, uliitwa mtumba. Neno hilo lilikuwa kwenye njia za misafara zaidi ya karne moja kabla halijapewa nguo zilizovaliwa na kutupwa Ulaya. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipofika Kageye, kwenye ufuko wa ziwa, Februari 1875, msafara wake ulikuwa umebeba nguo nyingi kwa sababu nguo ndiyo ilikuwa fedha ya safari. Chakula kilinunuliwa kwa nguo. Ushuru wa kupita kwenye nchi ya chifu, hongo, ulilipwa kwa nguo. Hongo ya siku zile ilikuwa ushuru unaojulikana na wote, hata kama watu walibishana juu ya kiwango; maana ya rushwa imekuja kulikalia neno baadaye.

Kipimo kilikuwa mwili wenyewe. Mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ulikuwa kama nusu yadi. Mikono 4 ilikuwa shuka moja, yaani yadi 2. Shuka 2 zilikuwa doti moja, yadi 4. Jora zima lilikaribia yadi 30. Kwa kuwa mikono ya watu hailingani, kila mapatano yalibeba swali la mkono wa nani unapima. Na hapa ndipo nguo isiyokatwa inaonyesha nguvu yake: doti inaweza kuwa fedha kwa sababu mtu yeyote anaweza kuivaa. Ukiikata ukaishona kanzu ya mtu mfupi umeiharibu kama sarafu.

Kitambaa kilichopendwa sana kilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyochujuka. Jina linasema kilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakifika Zanzibar tangu miaka ya 1820 na 1830. Mkataba wa Marekani na Sultani Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Waingereza walijaribu kuiga merikani bila kuwaridhisha wanunuzi wa huku. Watu walijua uzito wa kitambaa mkononi, na walijua kwamba kitambaa kilichojazwa wanga huonekana kizito dukani kisha hubaki wavu baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba hiyo, na viwanda vya Bombay vikaja kuchukua nafasi. Huwa najizuia kuisifu merikani kupita kiasi. Pamba yake ililimwa na watumwa Marekani, ikafumwa huko, ikaja kununua pembe zilizobebwa na wapagazi, na mara nyingine kununua watu. Kitambaa kile cheupe kilikuwa na watumwa pande zote mbili za bahari.

Kaniki ndiyo ilikuwa ndugu yake mweusi: pamba nyembamba iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi, kutoka India. Pwani ilikuwa vazi la wanawake watumwa na maskini. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wengi waliikimbia kaniki na kujifunga kanga za rangi. Kwenye ziwa kaniki haikudharauliwa hivyo. Ilikaa kwa waganga, pamoja na nguo nyekundu na nyeupe, na bado iko huko. Kitambaa kilekile kilikuwa alama ya unyonge pwani na alama ya uwezo bara, na sababu ni kwamba kila jamii ilikifunga mahali pake.

Kanga nayo ilizaliwa kwa sindano kabla ya kuzaliwa kiwandani. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, vitambaa vya mraba vilivyochapwa vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Walikata vipande viwili vya leso 3 kila kimoja, wakavishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja ya leso 6. Mshono ulipita katikati, na mshono huo ndio uliowafungua macho wafanyabiashara: wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa ukubwa ule. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ni miongoni mwa yaliyoieneza, na misemo iliyochapwa kwenye nguo hukumbukwa pamoja nalo. Misemo hiyo ilianza kwa herufi za Kiarabu, ikahamia za Kirumi.

Kanga ya leo ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani ule ujumbe, chini ya mji. Huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Anayenunua aitandaze kwanza aangalie mambo matatu. Pindo liwe na upana sawa pande zote. Likiwa pana huku na jembamba kule, uchapaji ulihama, na hakuna mshono utakaolirekebisha. Rangi ipenye hadi nyuma. Kanga iliyo hafifu upande wa ndani itapauka mapema kwenye mikunjo. Na mstari wa kugawa vipande viwili uwe umenyooka na nyuzi, maana ukikata kwa mkasi kwa kufuata uchapaji uliopinda, kipande kimoja kitavuta upande kikifuliwa. Kata, kisha kunja ncha mara mbili, kila mkunjo kama nusu sentimita, ushone. Maji ya kwanza yawe baridi na kanga ifuliwe peke yake, kwa kuwa hutoa rangi iliyozidi pamoja na wanga. Ianikwe kivulini, ndani nje.

Kisha njia za kufika zikabadilika. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaanza kuleta majora Mwanza kupitia Mombasa badala ya mabega ya watu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Maduka ya Wahindi yakafunguliwa, mafundi wakakaa barazani na cherehani za miguu, na mkasi ukaingia kwenye maisha ya kila siku.

Si kwamba kabla ya hapo hapakuwa na nguo za kushona. Kanzu ilitangulia, na ndani yake mna busara ya fundi anayeheshimu kitambaa. Ina badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni kuipanua chini, na kikwapa, kile kipande kidogo chini ya mkono kinachomwezesha mtu kunyanyua mkono bila kanzu nzima kupanda. Kikwapa kikiwa kidogo mno, mshono huachia hapo kwanza. Karibu kila kipande hukatwa kwa mstari ulionyooka, hivyo masalia huwa machache. Ni nguo ya mkasi iliyokumbuka bado kuwa pembe nne. Gomesi ya Uganda nayo ni ya njia panda: hunasibishwa na fundi Mgoa, mtu wa Goa huko India, aitwaye Gomes na wasichana wa shule ya Gayaza, mwaka 1905. Juu imekatwa, shingo ya mraba na mabega yaliyonyanyuka. Chini inafungwa kwa mshipi mpana. Mvaaji anaweza kunenepa au kupungua, mshipi ukabaki kuwa wake.

Kaptula ya kaki ilikuwa kinyume chake. Ilikatwa na mtu mwingine kwa ajili ya kukuonyesha ulipo: askari, mtumishi, mwanafunzi. Sare ndiyo nguo ya kwanza huku iliyovaliwa na wengi kwa vipimo ambavyo hawakuviamua.

Hapo kuna pamba yenyewe. Chini ya Waingereza, Usukuma uligeuzwa kuwa shamba la pamba, na wakulima wakaja kujenga ushirika wenye nguvu, Victoria Federation, mwaka 1955. Timu ya mpira ya jiji inaitwa Pamba. Vijana wakimsifu aliyevaa vizuri husema amepiga pamba. Lakini mbegu ilichambuliwa hapa na nyuzi zikapakiwa kwenda kufumwa kwingine, zikarudi zikiwa kitambaa cha bei ya mwingine. Baada ya uhuru serikali ilijenga viwanda ili kukata mzunguko huo: Urafiki Dar es Salaam mwaka 1968, Mwatex hapa Mwanza, Mutex Musoma. Kufikia miaka ya 1990 vingi vilikuwa vimesimama au vinasubiri mnunuzi. Naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko mabadiliko yoyote ya mtindo, maana sehemu kubwa ya pamba yetu bado inaondoka ikiwa ghafi.

Siasa nayo ilichukua futikamba. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kuchubua ngozi. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa. Tatizo ni kwamba waliotoa amri walivaa suruali na mashati, nguo za mkasi vilevile, na walioadhibiwa zaidi walikuwa wasichana wa mjini. Miaka michache baadaye vijana walivaa bugaluu na viatu vya raizoni hata hivyo, na wakubwa wakavaa Kaunda suti: koti la mikono mifupi lisilotaka tai, linalofaa joto letu kuliko suti kamili.

Kisha ikaja njaa ya nguo ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, foleni kwenye maduka ya serikali, na mwaka 1984 biashara ya nje ikaanza kulegezwa. Mitumba ikaingia, watu wakaiita kafa Ulaya. Soko la Mlango Mmoja likawa jina kubwa la nguo hizo jijini Mwanza. Belo la kawaida lina uzito wa kilo 45. Likifunguliwa asubuhi, wa kwanza kuchagua hulipa zaidi. Mabaki hushuka bei kadiri jua linavyopanda, na mwisho hunadiwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kuziondolea AGOA, upendeleo wa kibiashara ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishwa kwenye upendeleo wa mavazi. Nyingine zilirudi nyuma.

Mtumba ni nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu asiyejulikana, na kazi ya fundi wa barazani ni kuikata upya. Watu huidharau kazi hii kwa kuiita kupunguza tu, wakati ni ngumu kuliko kushona nguo mpya. Chukua shati la mwanaume lililo pana. Fundi asiyejali hubana mbavuni peke yake. Shati hukaa kiunoni lakini bega linaning'inia kwenye mkono. Fundi mzuri hufumua mikono kwanza, humvisha mteja, huweka alama ya chaki kwenye mfupa wa bega, hukata bega jipya, kisha hupunguza ubavu na mkono kwa pamoja, kwa sababu tundu la mkono likipungua na mkono wenyewe usipungue, mshono hujaa makunyanzi. Suruali hupunguzwa kwenye mshono wa nyuma, lakini ukivuka sentimita 4 au 5 mifuko ya nyuma inakaribiana na kuangalia katikati. Hapo inabidi kubandua mifuko, na alama za mishono ya zamani zitabaki.

Kitenge kina makosa yake. Upana wake ni kama sentimita 115, na gauni refu la mtu wa wastani hula karibu yadi 4. Maua makubwa yanayotakiwa kulingana kwenye mishono huongeza nusu yadi au zaidi. Kiloweshwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, la sivyo gauni litasinyaa baada ya kufuliwa na bitana iliyobaki vilevile itaning'inia chini ya pindo. Na fundi akitandaze mbele ya mteja kabla ya mkasi, waamue wote wawili duara kubwa litue wapi. Likitua kwenye titi moja hakuna marekebisho.

Pamoja na hayo yote, nguo ya kufunga haijaondoka, na mahali ilipong'ang'ania panasema mengi. Msibani wanawake hufunga kanga kiunoni juu ya gauni lolote, la bei yoyote, na kwa saa hizo wote hulingana. Sanda ya Kiislamu haishonwi: vipande vitatu kwa mwanaume, vitano kwa mwanamke. Na mjamzito anayejiandaa kwenda kujifungua huweka doti za kanga kwenye mfuko wake. Wajuzi humwambia asibebe mpya. Kanga mpya ina wanga, maji huteleza juu yake, na ukingo wake unakwaruza. Inayotakiwa ni iliyofuliwa mpaka jina lake halisomeki vizuri, iliyokwisha kuwa ya mama au ya bibi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayofyonza maji, na mtoto akifutwa nayo anakauka mara moja.